Meza 20, laki 6: nipambeje ukumbi usifanane na semina?

Mwali wa Tabata:
Wakuu, heshima kwenu. Harusi yangu ni wiki tatu kutoka leo. Wageni 200, meza 20 za duara, watu kumi kumi. Michango imesuasua, kamati ikakaa juzi na kulikata fungu la mapambo ya meza likabaki laki 6. Mpambaji tuliyeongea naye anataka elfu 80 kwa meza moja, yaani milioni 1.6. Ukumbi unatoa vitambaa vyeupe na kava za viti, basi. Rangi zetu ni kijani na dhahabu. Naombeni mawazo, ila msiniambie nipunguze wageni. Huo mjadala umeshaniliza.

Kamati Mstaafu:
Mdogo wangu, kamati za harusi nimekaa mpaka nimechoka. MC akishatangaza vinywaji, hazipiti dakika kumi meza imejaa soda, maji, vizibo na tishu. Ua lako la elfu 80 limesukumwa pembeni, mtu kaliegemezea simu. Mapambo ya meza yanaonekana watu wanapoingia, na kwenye picha. Kwa hiyo katikati weka kitu kimoja kifupi, kisizidi kimo cha chupa ya soda, hela iliyobaki itie kwenye kitambaa. Kitambaa hakisukumwi.

Harusi ya binti yangu tulikodi vile vinara virefu vya kioo. Waliokaa nyuma hawakumwona bi harusi akiingia, wakaanza kuvishusha chini wenyewe. Viwili vilivunjika, tukalipa.

Fundi Cherehani:
Hapo kwenye kitambaa nipo. Ingia Kariakoo, chukua vitenge vitatu vya yadi 6, kijani chenye dhahabu. Upana wa kitenge ni kama sentimita 115. Kigawe mara tatu kwa upana na mara tatu kwa urefu, unapata vipande tisa, kila kimoja mita 1.8 kwa sentimita 38. Meza ikiwa ya mita 1.5, kinaning'inia sentimita 15 kila upande. Vitenge vitatu ni vipande 27, vinabaki hadi vya meza ya keki na ya wazazi. Vikunjwe pindo, nyuzi zisionekane. Ila dada, nenda na futi yako ukapime meza. Usichukue maneno ya mlinzi wa ukumbi.

Mwali wa Tabata:
Asanteni sana. Na mishumaa ya kuelea kwenye bakuli je? Nimeiona kwenye picha, roho imeipenda.

Mgosi:
Ukumbi una feni? Basi ishazimika hiyo.

Bint Makorora:
Shoga, achana na mishumaa. Bakuli liache, tia maji na asumini. Huku Tanga tunachuma jioni zikiwa bado vitumba, tunazifunga kwenye jani la mgomba zisinyauke. Usiku zinafunguka zenyewe, anayekaa anasikia harufu kabla hajaona ua. Chini ya bakuli tandika jani la mgomba, kijani chako hicho, tena bure. Ila libabue kwanza motoni, lipitishe harakaharaka mpaka ling'ae na kulainika. Bichi linapasuka ukilikunja tu.

Mwali wa Tabata:
Mrejesho. Nimekwenda na futi: meza ni mita 1.8, siyo 1.5! Mlinzi alisema "za kawaida". Bakuli nitaazima kwa mama zangu wadogo, na bibi wa Magomeni ana mti wa asumini, kasema nikachume mwenyewe, yeye mgongo. Fundi, vitenge vyako vinafika?

Fundi Cherehani:
Si nilikwambia? Kwa urefu gawa mara mbili tu badala ya tatu. Kitenge kimoja kinatoa vipande sita vya mita 2.7, kwa hiyo nunua vinne, utapata 24. Kitaning'inia karibu nusu mita kila upande.

Mgosi:
Atakayekaa hapo kapata cha kufutia mikono ya pilau.