Mjadala: Sheria ya gari la miaka 15, na magari tuliyoyaendesha wenyewe

Mzee wa Tororo
Ndugu zangu, tangu 2018 sheria ya usalama barabarani Uganda inakataza kuingiza gari lililofikisha miaka 15 au zaidi tangu litengenezwe. Nataka tuijadili kwa magari tuliyoyashika wenyewe, si kwa picha za mtandaoni. Mimi nilijifunzia kwenye Peugeot 504 ya baba, gia ipo kwenye usukani. Gari langu la kwanza la kununua lilikuwa Kikumi, Corolla AE100, nikahamia Mercedes W124, kisha Pajero, na sasa niko na Land Cruiser ya 70 yenye injini ya 1HZ: lita 4.2, silinda sita, dizeli isiyo na tarbo ya kusukumia hewa. Haijawahi kunilaza njiani. Nilitaka kumwagizia mwanangu nyingine kama hiyo kutoka Japani, nikaambiwa imepita umri. Wananishauri nichukue gari la juzi lililojaa kompyuta. Swali langu: kinachoua watu barabarani ni umri wa gari au matunzo? Na vijana wa tarbo, mnaonunua kelele, leo mtuachie watu wazima tuongee.

Kijana wa Ntinda
Mzee, kwa heshima zote, hizo unazoita kelele zina sababu yake. Subaru Forester yangu ya SG5 ina injini iliyolala, silinda mbili huku na mbili kule, na mabomba ya moshi hayalingani urefu. Ndipo mlio unapotoka. Nimeiendesha Kampala hadi Kabale, kona zote zile, na sijawahi kushika gari linalokamata barabara namna ile mvua ikinyesha. Wewe umeendesha lipi la magurudumu manne yanayovuta muda wote, ukiwa spidi ya maana? Land Cruiser yako ukiipandisha mlima unasikia inaomba msaada.

Afande Mstaafu
Mzee wa Tororo niko upande wako. Nimekaa Karamoja kabla lami haijafika Moroto. Gari la kompyuta likikuzimia kule, hakuna mashine ya kulisoma, unakaa hapo mpaka Mungu akukumbuke. 1HZ unaifungua na spana ulizonazo. Na hii sheria inatusukumia Vitz na Probox, magari ya akina mama wa sokoni. Yanatosha kutoka dukani hadi kanisani, basi.

Muuguzi wa Kampala
Naomba niseme upande mwingine. Vipimo vya hewa vya AirQo, mradi wa Makerere, viko wazi kwa kila mtu, na hewa ya Kampala ni mbaya. Magari si chanzo peke yake, kuna vumbi la maram, kuna kuni na mkaa na takataka zinazochomwa, lakini moshi mweusi wa dizeli chakavu tunauona kwa macho. Sisi wodini tunapokea watoto wanaobanwa kifua. Gari la zamani pia halina mifuko ya hewa, breki zake ni za zamani, na likigonga mtu hakuna cha kumwokoa aliye ndani wala aliye nje. Ushuru wa mazingira na sheria ya miaka 15 vimewekwa kwa sababu hiyo. Nionyesheni njia nyingine ya kupunguza moshi huu, nitaisikiliza.

Binti wa Busia
Afande, shikamoo, halafu unisikilize. Huyo mama wa sokoni ni mimi. Probox yangu inabeba mitumba kutoka Busia hadi Mbale, na siku za soko inapanda hadi Kapchorwa, mlima ule unaujua. Injini 1NZ, lita moja na nusu. Imelipa karo, imejenga nyumba ya mama yangu. Land Cruiser yako imejenga nini? Wewe umezoea gari linalojaziwa mafuta kambini, hujui shilingi elfu tano ya lita inavyouma ukiitoa kwenye faida ya soksi na blauzi.

Afande Mstaafu
Binti, marahaba. Lakini kambi uiache. Nimestaafu, mafuta nanunua kwa pensheni yangu na sidaiwi na mtu. Nimesema Probox ni ya sokoni, na wewe mwenyewe umesema unaipeleka sokoni. Tusi liko wapi?

Binti wa Busia
Tusi liko kwenye "basi".

Fundi wa Ndeeba
Niwape ya gereji. Mwaka kwenye kadi ya gari hauniambii kitu mpaka nifungue boneti. Kuna Toyota za petroli za D4, Noah za mwanzo zenye injini ya 1AZ-FSE ni mojawapo, ambazo zinapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Zina pampu ya presha kubwa, na vali za kuingizia hewa zinashika masizi kwa sababu petroli haipiti hapo kuziosha. Ukizilisha mafuta machafu zitakusumbua, hata liwe gari jipya kuliko la jirani. Kinyume chake 1NZ ya Dada wa Busia inavumilia. Subaru ya Kijana ina mkanda wa taimingi unaobadilishwa kila kilomita laki moja. Ukipuuza, ukakatika, vali zinagonga pistoni. Mwenye Subaru anayebadilisha kwa wakati, kwa spea ya kweli, simuoni gereji.

Na Muuguzi, kuna jambo linaniudhi: watu wanakata katalisti, kifaa cha kusafisha sumu ya moshi, kwenye bomba la moshi na kuiuza. Gari la miaka tisa lisilo na katalisti linatoa sumu kuliko la miaka ishirini lililo nayo. Sheria inahesabu umri bandarini, gari likishaingia Malaba hakuna anayeinama tena kuangalia chini.

Kijana wa Ntinda
Asante Fundi. Mimi mkanda uliniponza kwa sababu duka moja lilinipa feki kwenye boksi la kampuni, na fundi wa mtaani akaufunga bila kubadilisha puli. Watu wakasema "si tulikwambia, Subaru". Gari halikuwa na kosa lolote.

Mkenya wa Kabalagala
Waganda mnalia kwa miaka 15? Kwetu Kenya ni miaka 8 na nchi inaenda. Ndiyo maana ukivuka Busia kuja huku unaona magari yanabadilika, skrepa tupu. Kenya inajua magari, msibishane nasi. Mashindano ya magari ya Safari Rally ni yetu, na Mkenya Shekhar Mehta aliishinda mara sita. Nyinyi mna nani?

Mwalimu wa Arua
Mara tano, si sita. 1973 kwa Datsun 240Z, halafu 1979, 1980, 1981 na 1982, minne mfululizo, kwa Datsun 160J na ndugu yake Violet GT. Na alizaliwa Uganda.

Afande Mstaafu
Mwalimu umempiga pale pale. Mkenya, mtoto wa Uganda huyo! Amekulia kwenye matope yetu, familia yake ilikuwa na mashamba hapa. Alianza kukimbiza magari akiwa hapa kwetu, BMW ndiyo aliyoanzia. Nyinyi mmepokea mtu aliyekwisha iva.

Mkenya wa Kabalagala
Kuzaliwa ni kuzaliwa. Alikimbia kwa leseni ya nani? Aliishi wapi alipokuwa anashinda? Nairobi. Ukimfukuza mtoto nyumbani, jirani akamlea, siku akipata digrii usije na ngoma.

Afande Mstaafu
Sikumfukuza mimi.

Binti wa Busia
Lakini Mkenya hajakosea hapo. 1972 Amin aliwapa Wahindi siku 90 waondoke nchini. Duka ambalo babu yangu alikuwa karani wake lilifungwa, mwenye duka akaondoka na begi, babu akakaa bila kazi. Leo hii tunamdai Mehta kwa sababu alishinda. Wale wasioshinda chochote nani anawadai?

Afande Mstaafu
Binti, hayo unayasema kana kwamba kila aliyevaa gwanda alishangilia. Wengine tulikuwa watoto. Mjomba wangu alikuwa dereva wa familia moja ya Jinja, na aliwapeleka Entebbe usiku akiwa analia. Usitupake wote rangi moja.

Binti wa Busia
Sijakupaka, Afande. Nimesema ninachokijua.

Mzee wa Tororo
Jamani, swali lilikuwa miaka 15. Muuguzi ameuliza jambo zito na hamna aliyemjibu zaidi ya Fundi.

Dereva wa Mutukula
Mimi Mtanzania, navuta semi, Dar hadi Kampala kupitia Masaka. Nimeendesha mengi kuliko wote hapa, samahani lakini ni kweli. Malori niliyoyaona yamelala bondeni, mengi hayakuwa makongwe. Dereva ameteremka mlima akiwa kwenye gia kubwa, anakanyaga breki muda wote, breki zinapata moto, zinakosa nguvu, anaenda. Mlima unateremka kwa gia uliyoupandia. Kingine matairi: mtu ana gari la miaka sita, amevaa matairi ya mitumba yaliyokauka. Tairi lina tarehe yake ubavuni, tarakimu nne, wiki na mwaka. Nani kati yenu amewahi kuisoma? Kwetu gari la zamani halizuiwi, unalipishwa ushuru zaidi, basi. Serikali ikitaka usalama ikague breki na matairi, si cheti cha kuzaliwa.

Mkenya wa Kabalagala
Dereva wa Mutukula, Watanzania ndiyo msiseme kabisa kwenye mambo ya Safari.

Dereva wa Mutukula
Nani ametaja Safari? Ila kwa kuwa umeianza: mashindano hayo yalipoanza 1953 yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, yote matatu. Yalikuwa yetu sote. Kenya ilibaki nayo wenzake walipojitoa.

Muuguzi wa Kampala
Ukaguzi wa kila gari nauafiki kuliko umri. Lakini mnakumbuka ule ukaguzi wa lazima uliokabidhiwa kampuni ya SGS? Watu walilalamika kuhusu ada, Bunge nalo likaupinga, ukasimama. Waliolalamika wakati ule ndio haohao wanaosema leo "kagueni, msizuie umri". Mimi nahitaji kimojawapo. Siwezi kumwambia mama mwenye mtoto wa pumu asubiri mpaka mkubaliane.

Fundi wa Ndeeba
Muuguzi, ukaguzi urudi, lakini ufanywe na watu wasioweza kununuliwa kwa noti ya elfu ishirini. Niko tayari hata gari langu liwe la kwanza kwenye mstari.

Kijana wa Ntinda
Naomba kurudi kwa Mehta. Mwalimu, ni kweli 1973 alilingana pointi na mwenzake?

Mwalimu wa Arua
Ndiyo. Yeye na Harry Källström wa Sweden, wote kwenye Datsun, walimaliza wakiwa na adhabu sawa. Mehta akapewa ushindi kwa sababu alienda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza. Na kwa Mzee wa Tororo: hiyo 504 ya baba yako nayo ina jina pale. Ilishinda 1975 mikononi mwa Ove Andersson, ikashinda tena 1978 na Jean-Pierre Nicolas, ingawa ile ya 1978 ilikuwa kupe ya milango miwili, injini ya V6.

Binti wa Busia
Fundi, nina la kwangu. Nataka kupanda daraja, nimeona Toyota Premio yenye CVT, ile gia otomatiki isiyo na hatua, ndani ya miaka, ushuru unalipika. Yadi moja wananiambia imetembea kilomita elfu sitini. Niliwahi kuuziwa gari lenye mita iliyorudishwa, sirudii.

Fundi wa Ndeeba
Dada, usiangalie mita. Angalia pedali ya breki imelika kiasi gani, usukani umeng'aa au la, mkanda wa kiti umechakaa vipi. Omba karatasi ya mnada au ya ukaguzi wa Japani, namba ya chasisi ilingane. Halafu hiyo CVT inataka mafuta yake yenyewe, si ATF, mafuta ya gia otomatiki za kawaida. Akikuambia "mafuta ya gia ni yaleyale", ondoka. Gia ya Probox yako ya zamani ingesamehe kosa hilo kwa muda, CVT haikusamehi. Liendeshe likiwa baridi, lipandishe mlima taratibu. Likitetemeka au injini ikipiga mbio bila gari kusogea, rudisha ufunguo.

Afande Mstaafu
Binti, Premio ni gari zuri. Nalisema kwa moyo safi.

Binti wa Busia
Nimekusikia, Afande.

Mkenya wa Kabalagala
Kwa hiyo mmekubali Mehta ni wetu.

Mzee wa Tororo
Hapana, hilo sasa nitalijibu mwenyewe. 1982 alimshinda Walter Röhrl aliyekuwa na Opel Ascona 400, na Röhrl ndiye aliyekuwa bingwa wa dunia mwaka huohuo. Mehta alikuwa na Datsun ya magurudumu ya nyuma kuvuta, gia ya mkono, gari ambalo fundi wa kijijini angeweza kuliinamia na kulielewa. Alijifunza kusoma tope Uganda, Mkenya, kabla hajaijua Naivasha yenu. Leseni mlimpa nyinyi, sikatai, na mlifanya vyema kumpokea. Lakini mikono ile ilifundishwa na barabara za huku. Ukitaka kubisha, njoo msimu wa mvua, nikupe 1HZ yangu, upite Kapchorwa kwenda Suam kwa njia ya zamani isiyo na lami, ukiipata bado ipo, ndipo tuendelee.

Mkenya wa Kabalagala
Nitakuja. Na nitakuja na la kwangu, la miaka saba.