Mwajiri ana haki gani juu ya maisha ya mfanyakazi? Tumkumbuke Frank Kameny

Mleta mada:
Frank Kameny alifariki Washington tarehe 11 Oktoba 2011, akiwa na miaka 86. Kila nikimkumbuka swali ni lile lile: mtu anafanya kazi yake vizuri, mwajiri anapata wapi haki ya kumfukuza kwa sababu ya anayempenda?

Alikuwa mwanaastronomia mwenye shahada ya udaktari kutoka Harvard, na alipigana Ulaya katika Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1957 idara ya ramani ya jeshi la Marekani ikamfukuza kwa ushoga. Alikwenda mahakamani, akashindwa. Wakili akajitoa, naye akaandika mwenyewe ombi lake kwa Mahakama ya Juu. Likakataliwa Machi 1961.

Mchangiaji 1:
Ilikuwa Vita Baridi. Mwenye siri hutishwa na majasusi. Serikali isijilinde?

Mleta mada:
Hoja hiyo Kameny aliipangua. Siri ilikuwa hatari kwa sababu ikijulikana tu, kazi imekwisha. Ondoa adhabu hiyo, jasusi atamtishia mtu kwa lipi?

Mchangiaji 2:
Kidini mimi sikubaliani na ushoga, na sitabadilika. Ila kumnyima mtu riziki ni jambo jingine. Lakini kwa nini maandamano?

Mleta mada:
Alikuwa amekwisha gonga milango yote. Tarehe 17 Aprili 1965 yeye na wenzake wachache walizunguka na mabango mbele ya Ikulu ya Marekani. Alisisitiza wanaume wavae suti na tai, wanawake magauni: anayedai kazi aonekane mtu wa kuajiriwa. Mwaka 1975 Tume ya Utumishi wa Umma ikaondoa katazo la jumla la kuajiri mashoga serikalini. Mwaka 2009 serikali ikamwomba radhi rasmi, naye akaipokea pale pale. Hata hivyo, kazi ya astronomia hakuipata tena maishani, na hilo bado linaniuma.

Mchangiaji 1:
Hilo la siri nimekuelewa. Je, shule ya kanisa nayo ilazimishwe?

Mleta mada:
Mwaka 2020 Mahakama ya Juu ilisema Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, inayokataza ubaguzi kazini, inawalinda mashoga na wasagaji kazini, lakini suala la taasisi za dini ikaliacha kwa kesi nyingine. Msimamo wangu: kanisa lijichagulie padri wake. Mwalimu wa hesabu apimwe kwa hesabu.

Mchangiaji 2:
Na mwalimu wa dini je?