Naombeni ushauri: mashine ya kupulizia rangi au rola?

Assalaam alaykum ndugu zangu, naombeni ushauri hasa kwa mafundi rangi na waliojenga karibu na bahari.

Nyumba ipo Wete, vyumba vitatu na ukumbi, plasta ishakauka, nje inakwaruza ina vishimo vishimo. Fundi mmoja anataka kupuliza kwa mashine, siku mbili kamaliza, mwengine kashikilia rola tu. Nikasema tujaribu chumba kimoja kwa mashine, kweli ukuta umetoka laini hauna alama, lakini rangi ilitiwa maji mengi ili ipite, sasa nikipitisha kiganja kinatoka cheupe kama nimeshika chokaa. Nje ndo usiseme, tumejaribu kipande tu upepo wa kusi ukachukua rangi mpaka kwenye kamba ya jirani, kanga zake mbili zina madoadoa, nimemlipa lakini bado naona haya.

Naomba kujua, kwa nje nikipuliza kisha rola ipite hapo hapo rangi ikiwa mbichi itaingia kwenye vile vishimo, au bora rola tangu mwanzo? Na kile chumba kinachotoa unga nikikwangue nipige praima (ile rangi ya kwanza ya kushikisha) upya, au napaka juu yake tu? Ndoo ya pili sijaifungua, nawasubiri.