YULE BWANA WA VIATU LEO KANIKOSESHA HATA HAMU YA CHAI

BintiOwino:
Nyote mnamjua, sina haja ya kutaja jina. Leo kaja hapa kwetu Owino Uhuru, shati limepigwa pasi hadi nzi akitua anateleza, katuweka juani tangu asubuhi, kisha katuambia udongo wetu "hauna shida sana". Sana! Alipomaliza akafika mlangoni pa gari, akaitisha maji ya chupa, AKAOSHA SOLI ZA VIATU. Soli! Mbele ya watoto waliokaa chini kwenye udongo uo huo!

Kiwanda cha kuyeyusha betri kilifungwa 2014, haya, moshi tumepumzika. Lakini risasi, ile metali yenye sumu ya kwenye betri, haiozi jamani. Imo kwenye vumbi, imo mahali yale maji machafu ya kiwanda yalipokuwa yakipita, mtoto anachezea halafu anatia mkono mdomoni. Udongo wa juu ni wa kukwanguliwa na kubebwa, uletwe mwingine. Mahakama hapa Mombasa iliwaambia wenye kiwanda na serikali 2020: safisheni ndani ya miezi minne, la sivyo toeni milioni 700 za kusafishia, mbali na bilioni 1.3 za wakazi. Wakakata rufaa, bilioni zikaanguka, Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikazirudisha. Miezi minne! Mtoto aliyetungwa siku ya hukumu sasa anajua kuandika jina lake, kwa kidole, kwenye udongo uo huo.

Na chupa kaimaliza yote! Mimi maji nanunua kwa mkokoteni, yeye anaogesha soli!

Mzee_wa_Mikindani:
Kiatu kilikuwa rangi gani?

BintiOwino:
Hudhurungi. Swali gani hilo, mzee wangu?

Mzee_wa_Mikindani:
Basi si yule wa kiatu cheusi. Yule hata garini hakushuka, alitusalimia kwa kidirisha.

KijanaChangamwe:
Dada umekaa juani mchana kutwa unakagua viatu vya watu. Maswali uliuliza?

BintiOwino:
Niliinua mkono mpaka ukaingia ganzi! Akasema muda umekwisha. Muda wa kuosha soli ulikuwepo!

NyotaYaJomvu:
Mama Phyllis Omido, yule mwanaharakati aliyepigana na hicho kiwanda, alipewa tuzo ya mazingira ya Goldman 2015 kwa ajili ya hapo hapo, dunia nzima ikasikia. Huyu ndiye hajasikia?

Mzee_wa_Mikindani:
Amesikia sana. Ndiyo maana kaosha.

ThangeYetu:
Nyinyi angalau mna mtu wa kuja kuwaoshea viatu. Sisi huku Makueni mafuta yalivuja ardhini 2015 yakaingia mto Thange, mpaka visima vikanuka. Wetu hata hiyo soli hatujaiona.

KijanaChangamwe:
Haya, yameanza mashindano. Nani ana sumu tamu zaidi?

ThangeYetu:
Cheka tu bana, ungekuwa na shamba huku usingecheka.

FundiMabomba:
BintiOwino, huyo wa mkokoteni anakuuzia mtungi bei gani?

BintiOwino:
Thelathini. Lakini hatuzungumzii mtungi, tunazungumzia zile SOLI.

FundiMabomba:
Thelathini! Huyo mwizi. Huku Chaani ishirini.

NyotaYaJomvu:
Ishirini ya maji ya chumvi. Nilichemsha chai yenu, nikadhani nimekunywa bahari.

FundiMabomba:
Uliyekunywa bure leo unalalamika?

ShomboLikoni:
Chumvi afadhali. Sisi bomba likikohoa tu watu wanatoka na ndoo usiku wa manane.