Mtoto wa kaka yangu anataka kurudi kidato cha pili baada ya kujifungua, mkuu wa shule ananizungusha

MamaAlizeti (Singida)
Habari za jioni ndugu zangu. Naomba mnisaidie, hasa walimu mliomo humu.

Nakaa na mtoto wa kaka yangu tangu aanze kidato cha kwanza, maana kwao sekondari iko mbali na hosteli hakuna. Mwaka jana akiwa kidato cha pili akapata mimba. Wakampima shuleni, nikaitwa, nikakabidhiwa madaftari yake kwenye mfuko wa rambo, tukarudi nyumbani. Karatasi yoyote sikupewa. Alijifungua salama mtoto wa kiume, sasa hivi anatambaa na kuvuta kila kitambaa cha meza. Binti mwenyewe hajatulia. Usiku mtoto akilala anachukua kitabu cha baiolojia anasoma kwa tochi ya simu yangu mpaka chaji inakata, asubuhi wateja wa mafuta wananipigia hawanipati.

Nilianza kwenda kwa mkuu wa shule muda tu. Kwanza akaniambia nisubiri shule zifunguliwe. Zilipofunguliwa, darasa limejaa. Juzi akanipasulia: "Mama, mpeleke akajifunze cherehani, huyu ni mzazi mwenzio sasa." Halafu akaongeza kwamba nikitaka arudi lazima kwanza nimtaje aliyempa mimba. Hapo nikaishiwa nguvu. Kijana ni wa majirani, alikuwa ndio kwanza amemaliza kidato cha nne, sasa yuko Chunya machimboni. Mama yake ndiye anayetuletea unga wa uji wa mtoto, na ndiye angekaa naye mimi nikiwa sokoni. Mnajua sheria yetu ni miaka 30 jela. Nikimtaja, huyu mtoto nani atamlea binti akiwa darasani?

Hii ruhusa ya kurudi shule ipo kweli au ni maneno ya redioni? Na nianzie wapi?

MwlChaki
Pole sana mama. Mimi ni makamu mkuu wa shule, mkoa mwingine. Ruhusa ipo, na ipo kwa maandishi. Novemba 2021 Prof. Ndalichako, wakati huo akiwa Waziri wa Elimu, aliitangaza pale Dodoma, na kuna Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021. Tena hauhusu mimba tu, unahusu wanafunzi walioacha shule kwa sababu mbalimbali, watoro wakiwemo. Mkuu wako anaujua, wote tulisomewa.

Kinachonitisha kwenye maelezo yako ni muda. Dirisha ni miaka miwili tangu alipoacha. Kila ukiambiwa "rudi mwezi ujao", miaka hiyo inaliwa. Bora ungekataliwa siku ya kwanza, ungeshajua uende kwa nani.

Kwa hiyo acha kwenda kwa mdomo. Andika barua ya kuomba arejeshwe, utaje jina lake, kidato alichoishia na mwezi alioacha. Toa kopi. Ipeleke ofisini kwa karani, agonge muhuri wa kupokelewa na tarehe kwenye kopi yako. Kama mkuu anakataa, mwombe kwa heshima aandike hivyo. Wengi hapo hapo nafasi inapatikana, kwa sababu hakuna anayetaka kuweka sahihi kwenye jambo linalopingana na waraka. Ukikwama, nenda kwa Afisa Elimu Sekondari wa wilaya na hiyo kopi. Na kama binti anaona haya kurudi pale pale, omba shule nyingine. Ulizia namba yake ya PREM, ile namba ya usajili wa mwanafunzi, kumbukumbu zake zimo humo.

Atarudia kidato cha pili maana hakufanya upimaji. Mwambie mapema asije akavunjika moyo akijikuta na wadogo zake.

Kuhusu kijana: hilo ni suala la sheria nyingine, na mkuu wa shule ana wajibu wake wa kutoa taarifa za mimba. Sikwambii udanganye ukiulizwa na vyombo husika, binti alikuwa mwanafunzi. Ila dawati halitolewi kwa malipo ya ushahidi. Akikwambia tena "mtaje kwanza", mwambie unaomba sharti hilo kwa maandishi pia.

Mzee wa Kijiwe
Mwalimu, ndio mnavyoharibu watoto hivyo. Enzi za JPM, Rais Magufuli, msimamo ulikuwa mmoja, 2017 pale Chalinze alisema wazi akizaa harudi. Mabinti waliogopa. Sasa darasa zima litanyonyesha.

MwlChaki
Mzee wangu, miaka yote hiyo nilikuwa na chaki mkononi. Mimba zilikuwepo vile vile, tulichokuwa hatukioni ni wasichana wakirudi. Na Zanzibar wameruhusu tangu 2010, ni nchi yetu hii hii. Kenya tangu 1994. Huko kote hakuna darasa zima linalonyonyesha.

Dada wa QT
Mzee wa Kijiwe, mimi ni mmoja wa hao "walioogopa". Nilizaa 2018 nikiwa kidato cha tatu, mlango ukafungwa. Nikasoma jioni kwa kujilipia, nikafanya QT, ule mtihani wa maarifa kwa wanaosoma nje ya shule, kisha mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Masomo ya sayansi niliyaacha yote, maana kituo chetu kilikuwa na ubao na taa ya sola, maabara hakikuwa nayo. Nilikuwa napenda kemia. Leo nina cheti, lakini unesi niliouwaza ulikufa hapo.

Kwa hiyo shangazi, huyo anayesoma baiolojia kwa tochi, pigania shule ya kawaida kwanza. QT iwe akiba.

Ila kuna kitu mwalimu hajakigusa, labda kwa sababu ni mwanaume (usinune mwalimu). Maziwa. Mtoto bado ananyonya? Wiki za kwanza binti atakaa kipindi cha saa nne kifua kimejaa, sare imelowa, na wavulana wanacheka. Wengi wanaorudi wanaacha tena hapo, wala si kwa hesabu. Ampunguzie mtoto ziwa la mchana taratibu kuanzia sasa, awe na sweta, na mtafute mwalimu wa kike mmoja ambaye binti anaweza kumwomba ruhusa bila kujieleza mbele ya watu.

Na hata ada ikiwa hakuna, weka pembeni hela ya sare, madaftari, rimu na chakula cha mchana. Ukikosa kabisa wa kukaa na mtoto, ulizia chuo cha maendeleo ya wananchi kilicho karibu nawe. Vipo 54 nchini, na vipo vinavyofundisha masomo ya sekondari huku watoto wa wanafunzi wakitunzwa hapo hapo chuoni.

MamaAlizeti (Singida)
Mungu awabariki. Dada wa QT, hilo la sweta nimemsomea, amecheka halafu akainamia chini. Bado ananyonya, tutaanza na uji wa saa nne.

Mwalimu, aliacha mwezi wa sita mwaka jana, kwa hiyo bado tuko ndani. Barua naandika usiku huu. Niandike kwa jina langu au la kaka? Kaka hajui mambo ya barua, na tangu siku ile hataki hata kumsikia binti.

MwlChaki
Lako. Andika "mlezi", weka na namba yako ya simu. Na uende na binti mwenyewe ofisini, mkuu amwone.