Bandari moja ikisimama, tuanzie wapi?

Msimamizi wa ugavi: Ndugu wadau, kiwanda chetu hupokea takriban malighafi zote kwa makontena kupitia bandari moja. Mwongozo wetu wa hatari unaeleza kwa kirefu dhoruba, moto na migomo, lakini hausemi tufanye nini shehena ikikwama. Je, mnatanguliza bima, akiba ya ghalani au bandari mbadala?

Mpangaji wa shehena: Ningetanguliza muda, kwa kuwa vyanzo vya janga havihesabiki. Meli ya mizigo iitwayo Dali ilipoangusha daraja la Baltimore, Marekani, tarehe 26 Machi 2024, magati ya ndani yalibaki mazima, lakini njia ya meli iliziba na haikurejeshwa kikamilifu hadi Juni. Katika bandari ya Nagoya, Japani, Julai 2023, hapakuwa na kilichovunjika. Mfumo wa kompyuta ulivamiwa, na upakiaji wa makontena ukasimama kwa zaidi ya siku mbili. Kwa kila malighafi, jiulize akiba itadumu siku ngapi, na mbadala wake utachukua siku ngapi kufika. Pengo kati ya hesabu hizo mbili ndilo hatari yenu. Bima italipa hasara, lakini haitawasha mitambo.

Wakala wa forodha: Nakubali, ila hesabu hiyo hupotoka pale bandari mbadala inapokuwa mbadala wa kwenye karatasi tu. Je, kina chake kinaipokea meli inayowaletea mzigo? Mna wakala mwenye leseni huko, na malori yenye mikataba? Kumbukeni pia kwamba siku hiyo kila mwagizaji ataikimbilia bandari hiyohiyo, na wateja wa kudumu ndio watakaohudumiwa kwanza. Nashauri sehemu ndogo ya shehena ipitie huko mwaka mzima, hata kama nauli ni kubwa zaidi.

Mkaguzi wa maghala: Naomba tusisahau jirani wa mzigo. Katika bandari ya Beirut, Lebanoni, tarehe 4 Agosti 2020, shehena ya amonia nitrati (kemikali ya mbolea na baruti) iliyowekwa ghalani miaka kadhaa kabla ikiwa takriban tani 2,750 ililipuka, ikaua watu zaidi ya 200 na kuharibu maghala makubwa ya nafaka yaliyokuwa karibu. Mwenye ngano hakuwa na kosa lolote. Mwulizeni mwendeshaji wa gati, kwa maandishi, ni kemikali gani zinazowekwa karibu na shehena yenu na tangu lini. Akikataa kujibu, punguzeni siku ambazo mzigo wenu unalala pale.