Kupima barafu ya baharini kwa satelaiti, usahihi wake unaupataje?

mdau_ramani: Wakuu habari za muda huu. Nina kazi ya chuo ya kupima barafu ya bahari ya Aktiki mwezi wa 7. Data za maikrowevu (satelaiti inapokea mawimbi ya maikrowevu yanayotoka baharini) zinanipa barafu 60% kwenye kipande kimoja ila nikifungua picha ya Sentinel-2, satelaiti inayopiga picha kwa mwanga wa jua, ya siku hiyohiyo naona barafu karibu kote, tena ina madimbwi ya bluu juu yake. Niamini ipi? Alafu programu ninayotumia kutenganisha barafu na maji kwenye picha inanipa usahihi wa 96% na mimi hiyo namba siielewi kabisa.

baharia_data: Hayo madimbwi ndo jibu lenyewe mkuu. Kiangazi theluji na barafu ya juu inayeyuka, maji yanatuama, na kwa maikrowevu maji ni maji tu, haijui kama chini yake kuna barafu, kwa hiyo inapunja. Kwa kipande hicho amini picha. Ila maikrowevu usiitupe maana inapita kwenye mawingu na inaona hata ule usiku wa miezi kule ncha ya kaskazini, ndo maana tuna rekodi tangu 1978. Na angalia unahesabu nini, NSIDC, kituo cha data za theluji na barafu cha Marekani, wanaigawa bahari miraba na mraba wowote wenye barafu kuanzia 15% wanauhesabu wote, hivyo mraba wako wa 60% au 95% kwao ni sawasawa. Ile rekodi ya barafu kidogo kabisa ya Aktiki, Septemba 2012, kilomita za mraba kama milioni 3.4, ni ya hesabu hiyo. Ukizidisha kila mraba kwa asilimia yake utapata ndogo zaidi na hujakosea.

mdau_ramani: Duh asante sana, nilikuwa nachanganya hizo hesabu mbili. Na ile 96%?

pikseli_moja: Hiyo isikupe raha. Kama kwenye pikseli (vidoti vya picha) 100 kuna 95 za maji, programu ikisema kote ni maji inapata 95% na haijaona barafu hata moja! Toa usahihi wa barafu peke yake: kati ya barafu ya kweli imekamata ngapi, na kati ya ilizoita barafu ngapi ni kweli. Pointi za kuhakiki, yaani sehemu unazolinganisha jibu la programu na hali halisi, weka nyingi kwenye ukingo wa barafu na maji, huko ndo inakosea, pamoja na barafu changa nyembamba na kandokando ya nchi kavu. Afu cheki saa za picha zote mbili, siku moja haitoshi, upepo unaisogeza barafu kilomita kadhaa ndani ya hiyo siku.